Dripu za kipindupindu zifike kabla ya masika

Mhariri,

Mafuriko yakija na zahanati ikaishiwa dripu, lawama huenda moja kwa moja Bohari ya Dawa. Mara nyingi kosa limeanzia kituoni, kwenye hesabu ya kuagiza.

Kituo huagiza kwa wastani wa matumizi ya miezi iliyopita. Kwa Panadol, sawa. Kwa Ringer, dripu ya kurudisha maji mwilini kwa mgonjwa wa kipindupindu, wastani wa miezi isiyo na kipindupindu unakaribia sifuri, na oda nayo inakuwa hivyo hivyo. Halafu kuna siku ambazo stoo ilikuwa tupu, ambazo wengi hawazitoi kwenye hesabu. Zahanati iliyotoa pakiti 60 za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa) ndani ya siku 60, huku siku 30 ikiwa haina hata moja, inatumia pakiti 60 kwa mwezi. Ikiandika 30, mwezi ujao itaishiwa tena, na wastani utazidi kushuka.

Kwa maeneo yanayokatika njia, tuhesabu wagonjwa. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kwa wagonjwa 100 wa kipindupindu ni pakiti 650 za ORS na lita 120 za Ringer. Lita hizo ni za wale 20 hivi wanaofika wamekaukiwa kabisa, lita 6 kila mmoja. Kwa chupa za nusu lita, ni chupa 240 na mzigo wa zaidi ya kilo 120. Bodaboda kwenye tope haiwezi. Pakiti 650 nazo zinataka lita 650 za maji salama, kwa hiyo klorini iwemo, ila isiwekwe stoo moja na dawa: mvuke wake hula chuma, na kwenye joto na unyevu hupoteza nguvu.

Linaloudhi zaidi ni chupa kufika bila mipira ya dripu wala kanula (vijisindano vinavyobaki mshipani), kwa kuwa kila kimoja kimeagizwa kwenye mstari wake. Vifungwe pamoja, boksi moja kwa mgonjwa mmoja mahututi: chupa 12, mpira 1, kanula 2 (moja huharibika, hasa mshipa ukiwa umenywea).

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga, mzigo uliokuwa Dar haukuwa na msaada wowote kwa Kilwa, ng'ambo ya hapo. Maboksi yawe yamefika ifikapo mwisho wa Februari, kwenye kituo kilicho mwinuko, si zahanati ya kando ya mto.

Wafamasia wengi hawathubutu kuweka ziada hiyo kwa kuogopa hoja ya mkaguzi kuhusu dawa zilizoisha muda. Woga huo una msingi, lakini dawa yake ipo: Juni, maboksi yasiyoguswa yarudishwe hospitali ya wilaya. Chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi hutumia Ringer kila siku. Chupa zitatumika zote kabla ya muda wake kwisha.

Mfamasia wa ugavi,
Pwani