Ile nusu saa ya kuchokoa kwato irudishwe

Ndugu Mhariri,

Nimemsoma msomaji wako aliyeandika kwenye ukurasa huu kulalamikia mafunzo ya kupanda farasi. Hoja yake ilikuwa ya saa na dakika. Mwanawe anakaa kituoni saa mbili nzima kila wiki, lakini juu ya farasi anakaa dakika 45 tu. Muda uliobaki, anasema, mtoto anapiga brashi, anazoa samadi na kubeba ndoo za maji, ilhali nyumbani kazi za shule zinamsubiri. Akashauri farasi wawe wanaandaliwa mapema, mwanafunzi akifika apande, ashuke, aondoke.

Simjui mzazi huyu, ila namwelewa kuliko anavyodhani. Kwenye kituo anakojifunza binti yangu, wazazi tuliandika barua ya namna hiyo hiyo mwanzoni mwa muhula. Sahihi yangu ni ya nne kutoka juu.

Binti yangu ana miaka 12, yuko darasa la sita. Siku ya Jumatano shule inatoka saa nane, na saa tisa na nusu anatakiwa awe kituoni. Hapo katikati ni kuvua sare, kula akiwa amesimama, na kutafuta soksi ndefu ambayo mwenzake haonekani. Jioni anarudi ananuka farasi hadi kwenye nywele, anakaa mezani na daftari, na dakika kumi hazipiti kichwa kimeshalalia mkono. Muhula uliopita alishuka kwenye hisabati. Mwalimu wake wa darasa akaniita, akaniuliza kwa upole kama hatuwezi kupunguza haya mambo ya farasi. Kwa hiyo niliposikia wenzangu wanakusanya sahihi, sikusubiri kuombwa mara mbili.

Kituo kilikubali. Kuanzia wiki iliyofuata watoto wakawa wanafika saa kumi, wanakuta farasi wamefungwa uani, tandiko mgongoni, lijamu mdomoni. Wanapanda, wanafundishwa, wanashuka, wanamkabidhi saisi, yule mtunza farasi, hatamu, wanaingia kwenye magari ya wazazi. Saa kumi na moja tuko njiani. Nilifurahi, nisiseme uongo. Mimi ni fundi cherehani, muda wangu ni nguo za watu, na zile saa nilizokuwa nangoja kwenye benchi zilikuwa zinanigharimu.

Wiki ya tatu nilikuwa nimeegemea uzio, natazama. Binti yangu alikuwa juu ya Tarishi, farasi wa hudhurungi mwenye alama nyeupe kwenye paji, mzee kidogo, mpole kama mnyama aliyekwisha kuona watoto wengi. Walikuwa kwenye telki, ule mwendo ambao farasi anakanyaga miguu miwili miwili ya mshazari, wa mbele kulia na wa nyuma kushoto, kisha wale wengine. Ndiyo maana mpandaji anafundishwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili, huku akiinuka na kukaa. Mwalimu yuko katikati ya uwanja, watoto sita wanamzunguka. Mara nikamwona binti yangu anavuta hatamu taratibu, anasimama, anashuka bila kuambiwa.

Mwalimu akamfokea, maana nyuma yake kulikuwa na mwenzake anakuja. Mtoto akajibu, "Mwalimu, Tarishi amekosea hesabu."

Mimi sikuwa nimeona kitu. Mwalimu akamchukua yule farasi, akamtembeza kwa telki kwenye sakafu ngumu, na hapo hata mimi niliona: kila mguu wa mbele wa kushoto ulipokanyaga, kichwa kilikuwa kinainuka kidogo, kisha kinashuka mguu wa kulia ulipopokea uzito. Akauinua ule mguu. Pembeni mwa ile sehemu laini kama mpira yenye umbo la herufi V, katikati ya ukwato, palikuwa na kokoto imekaa kama kifungo kwenye tundu lake. Si kubwa. Ukubwa wa punje ya hindi. Tarishi alikuwa anabebeshwa mtoto na tandiko huku anaikanyagia kila hatua.

Simlaumu saisi hata kidogo. Zamani kila mtoto alikuwa anamsafisha farasi wake, yeye akipita kukagua. Sasa tulimwachia farasi sita peke yake, kwa muda ule ule. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji mwenzangu: farasi sita ni kwato 24.

Ninachotaka kumwambia mzazi aliyeandika ni hiki: binti yangu aliyahisi yale mabadiliko ya mwendo wa Tarishi kwa sababu ya nusu saa tuliyoifuta. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa anaishika ile miguu kila Jumatano. Nilimtazama akifundishwa. Kwanza unasema neno kabla hujafika, kwa sababu macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, lakini nyuma ya mkia haoni, na mbele ya paji lake hapo karibu kabisa pia haoni. Unamwendea kwenye bega. Unasimama ukiwa umeelekea mkiani, unateremsha mkono kwa nyuma ya mguu, polepole, hadi chini, naye anaunyanyua. Kile chuma cha kuchokolea uchafu unakivuta kutoka kisiginoni kwenda kwenye ncha ya ukwato, usikielekeze upande ule mwingine, na ile sehemu laini huichokoi, unaizunguka. Wiki za mwanzo alikuwa anatoka jasho kwenye ukwato mmoja. Baadaye alikuwa anamaliza minne huku ananisimulia ya shuleni, na mikono yenyewe inajua lini kuna uvimbe, lini mguu una joto kuliko mwenzake.

Tandiko nalo lina mambo yake. Farasi wengine wanajaza pumzi ukiwafunga mkanda wa tumboni, kwa hiyo unaukaza kiasi, unamtembeza hatua chache, unaukaza tena kabla ya kupanda. Asiyefunga mwenyewe hajui kuukagua. Na hapa niruhusu fundi aseme jambo la ufundi: siku moja wakati nangoja kwenye benchi nililiangalia tandiko moja, nikakuta uzi wa pale mkanda wa rikabu, kile kikanyagio cha mguu, unapokutana na bizimu umeshaliwa, imebaki mishono mitatu. Nilimwonyesha binti yangu. Tangu siku hiyo alikuwa anapitisha kidole kwenye kila mshono kabla ya kupanda. Wiki hizi za farasi aliyeandaliwa hakupitisha kidole popote. Alikuwa anafika na kupanda kama anayepanda basi.

Sasa kuhusu masomo, ambako ndiko mzazi mwenzangu analia, na mimi nililia huko huko. Ile hisabati iliyoshuka ilipanda, na kilichoipandisha kilikuwa uani pale pale kabla hatujapafuta. Urefu wa farasi hupimwa kwa viganja, kutoka chini hadi kwenye mwinuko wa mabega. Kiganja kimoja ni inchi 4, yaani sentimita 10.16. Tarishi ameandikwa kwenye ubao wa banda: 14.2. Binti yangu akachukua 14.2, akazidisha na 10.16, akapata sentimita 144 na kitu, akajisifu. Saisi akaleta fimbo ya kupimia, wakapima pamoja: 147 na kidogo. Wakapima tena. 147. Mtoto akakasirika, akasema fimbo mbovu.

Alikuja nayo nyumbani hiyo hasira. Mimi ambaye inchi nazijua kwa vidole, nilicheka, lakini sikumwambia. Ilimchukua hadi kesho yake asubuhi, akiwa anapiga mswaki, ndipo akatoka bafuni na povu mdomoni: ile nukta si ya desimali. 14.2 ni viganja 14 na inchi 2. Mara 4 unapata 56, ongeza 2 ni 58, zidisha kwa 2.54, sentimita 147.32. Wiki mbili baadaye darasani wakaingia kwenye mada ya vipimo, dakika na saa, watoto wenzake wakawa wanaandika saa moja na dakika 30 kama 1.30 na kuijumlisha kama desimali. Daftari lake lilikuwa na vema tupu. Mwalimu wa darasa hajaniita tena.

Kwenye somo la sanaa mambo hayakwenda vizuri vile. Alimchora farasi akiwa kwenye shoti, zile mbio za kasi, miguu yote minne hewani imekunjwa chini ya tumbo. Mwalimu akamsahihisha kwa kalamu nyekundu: miwili ya mbele inyooke mbele, miwili ya nyuma inyooke nyuma, kama picha za zamani. Wachoraji walichora hivyo kwa miaka mingi sana, hadi mwaka 1878 huko California, Marekani, Eadweard Muybridge alipopanga kamera nyingi kwa mstari na kumpiga picha farasi akikimbia. Ilionekana kwamba pale miguu yote inapokuwa hewani, imekusanyika chini ya tumbo. Nilimshauri binti yangu amwachie mwalimu ushindi wake. Hakukubali, akapeleka picha. Sitasema yaliyofuata, ila alama ilibadilishwa.

Na kuna jambo moja ambalo halina alama. Siku aliyorudishiwa ule mtihani mbaya wa hisabati, alifika kituoni hajasema neno kwa mtu, uso mkavu. Tarishi akakataa kusimama. Anarudi nyuma, anapiga ukwato chini, masikio yanalala. Saisi akamwangalia mtoto, hakumwangalia farasi. Akamwambia, "Mwanangu, weka brashi chini, nenda kazunguke banda, pumua, urudi uanze upya." Alizunguka mara mbili. Mara ya pili alikuwa analia. Aliporudi, Tarishi alisimama.

Nilidhani ni hadithi za mabandani. Kumbe mwanzoni mwa karne iliyopita kule Berlin kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, mali ya mwalimu wa hisabati, Wilhelm von Osten, aliyesifika kwamba anajua kujumlisha. Ukimuuliza swali, anapiga ukwato hadi afike kwenye jibu. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakuwa anajua hesabu yoyote. Alikuwa anamsoma muulizaji, vijimwendo vya kichwa na mwili ambavyo mtu mwenyewe hakujua anavifanya. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui. Wengi wanaisimulia kama kichekesho cha farasi mjinga. Mimi tangu nione binti yangu akizunguka lile banda, siicheki.

Hayo yote hayafanyiki mtu akiwa juu ya tandiko, mwalimu anapiga kelele katikati ya uwanja na dakika 45 zinakwisha. Yanafanyika chini, kwenye vumbi, ndoo ikiwa kando.

Sisemi kazi za shule zisubiri. Tulichofanya sisi ni kwamba binti yangu sasa anafanya kazi ya Alhamisi siku ya Jumanne, na mimi nimeacha kuchukua nguo za wateja za haraka siku ya Jumatano ili nisimkimbize. Kuhusu ule usingizi wa mezani, sina dawa. Analala mapema Jumatano, basi.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kituoni kuomba sahihi yangu ifutwe. Mwenye kituo akanitazama kama mtu aliyerudisha gauni lililoshonwa vizuri. Akasema akipata wazazi watatu wa kikundi chetu, atairudisha ile nusu saa kwa kikundi chote. Tumefika wawili. Kama mzazi aliyeandika barua ile ni wa kituo hiki hiki, na nina wasiwasi kwamba ndiye, mtoto wake anapanda yule farasi mweupe anayependa kumwaga ndoo, basi nafasi ya tatu ni yake.

Mimi nimeshamshonea binti yangu mfuko mdogo pembeni mwa suruali yake ya kupandia, wa kutia kile chuma cha kuchokolea. Nimeupiga mishono mara mbili chini, maana chuma chenyewe kina ncha.

Fundi cherehani, mama wa darasa la sita