Rukia, nani atashika sindano?

Mwanangu Rukia,

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungesoma mistari miwili, kisha unijibu "sawa mama". Swaleh atakuletea kesho akitoka kazini. Yeye ndiye aliyeniambia, lakini usimkaripie, mimi ndiye niliyemshurutisha. Umeenda kumwomba nduguyo shilingi 15,000 za kujazia malipo ya sindano za urembo usoni, ulitaka asishangae?

Jumamosi saa nane mchana, Kilimani, ghorofa ya sita, nyumbani kwa mtu. Si kliniki, ni nyumba ya kuishi watu. Tangu nilisikie hilo sijalala vizuri.

Rukia, nani atashika sindano? Swaleh hana habari. Aliniambia ni dada mmoja, wanamwita daktari. Wanamwita! Hapa Majengo hata mimi waliniita daktari miaka yote, na ulijua vyema kwamba mamako ni muuguzi.

Ya kubadilisha umbile alilokupa Mungu, maalim ameshanisomea na nimemsikia, na shangazi yako atakuambia bila hata kuulizwa. Mimi leo siandikii hayo. Una miaka 31, pesa ni zako, uso ni wako. Ninakuuliza kitu kimoja tu.

Nilimpigia daktari niliyefanya naye kazi chumba cha upasuaji, nikamweleza ulichopanga, fila, ile ya kudungwa chini ya ngozi kujaza umbo, kwenye pua, na Botox kwenye kipaji cha uso. Alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Akaniambia fila nyingi ni asidi ya hayaluroniki, kitu kizito kama ute, na kikiwekwa na anayejua kazi hukaa miezi kadhaa kisha mwili wenyewe hukimaliza. Mimi hapo nikaanza kutulia. Kisha akasema, lakini pua, mama Swaleh, pua ndiyo ninayoiogopa. Mishipa ya damu ya puani imeungana na ile inayolisha jicho. Sindano ikiingia ndani ya mshipa, ule ute husukumwa ukaenda kuziba njia ya damu. Ngozi hugeuka nyeupe, halafu huchora madoa ya zambarau, halafu hufa. Na ukifika nyuma ya jicho, jicho linazima, na mara nyingi haliwaki tena. Haitokei kila siku, hilo alinisisitizia. Ila ikitokea mnahesabu dakika. Kuna dawa ya kuyeyusha fila, inaitwa hayaluronidezi, na ni lazima iwe pale pale mezani pamoja na mtu anayejua kuitumia. Huko Marekani mamlaka yao ya dawa imepitisha fila kwa midomo, kwa mashavu, kwa kidevu. Pua haimo. Wanaodunga pua wanadunga kwa dhamana yao wenyewe.

Sasa niambie, ghorofa ya sita Kilimani, mezani kutakuwa na nini?

Botox nayo ni sumu iliyopunguzwa mpaka ikawa dawa, hulegeza msuli kwa miezi mitatu minne. Ilianza kama dawa ya macho yenye makengeza, ndipo mwaka 2002 Marekani ikaikubali kwa mikunjo ya katikati ya nyusi. Hiyo haina ya kuiyeyusha. Ikiteremka mahali si pake kope linalala, na utakaa nalo wiki kadhaa likining'inia huku unangoja. Huja ikiwa ungaunga mkavu, huhifadhiwa kwenye friji, huchanganywa na maji ya chumvi na kupimwa kwa yuniti. Anayekosea kupima hana la kurudisha. Tena kuna ya bandia: Aprili 2024 huko huko Marekani walitoa onyo baada ya watu kulazwa hospitalini kwa kudungwa bandia, wengine nyumbani kwa watu au na wasio na leseni. Kama kwao imepenya, hii ya kwako imepita mlango gani? Muulize akuonyeshe chupa kabla haijafunguliwa. Akinuna, chukua mkoba wako uondoke.

Ninajua utasema kazi. Kazi yako ninaiheshimu, usidhani vingine. Mtoto aliyeanza na marobota mawili ya Gikomba, leo anatuma magauni mpaka Kisumu na Malindi, na wapangaji wangu wananionyesha video zako kama kwamba sikujui. Wiki iliyopita mama Kibe wa chumba cha tatu aliniuliza, yule ni Rukia wako? Nikamjibu ni wangu. Lakini uliniambia mwenyewe kwamba unajitazama kwenye hiyo simu kutwa na kila siku unaona pua peke yake. Simu unaishika futi moja kutoka usoni, mama. Madaktari wa Marekani walilipima jambo hili mwaka 2018: picha ya futi moja huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya futi tano. Wateja wako wakikutana nawe dukani hawasimami futi moja. Weka ile simu kwenye stendi, usogee nyuma, ujitazame tena. Kisha uamue.

Na hilo la pua najua halikuanzia kwenye simu. Ulipozaliwa niliikanda kwa mafuta ya nazi kila asubuhi baada ya kukuogesha, naivuta kwa vidole viwili ichongoke, mpaka arubaini ikapita. Ndivyo nilivyofanyiwa mimi, ndivyo wanavyofanyiwa watoto wa kwetu. Lakini wageni walipokuja nikasema, pua ameipata kwa babake. Nililisema hata ulipokuwa mkubwa umekaa hapo hapo unasikia. Ni mara ngapi, wewe unakumbuka kuliko mimi.

Kuna jambo jingine, na hili huna habari nalo. Yule mtoto wa mama Saumu, unavyojua wewe alianguka kwenye ngazi. Hakuanguka. Ilikuwa miezi ile mshahara ulipochelewa na ada yenu ikadaiwa, na watu walikuwa wakija kwangu jioni na dawa zao niwadunge, wananiachia chochote. Mtoto alikuja na penisilini, nikamdunga hapa sebuleni. Hazikupita dakika tano midomo ikavimba, kifua kikaanza kupiga filimbi. Sindano nilikuwa nayo. Mikono ilijua kazi. Adrenalini ya kumwokoa ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la wadi, na mimi niko Majengo na mtoto wa watu mapajani. Babako alimbeba akakimbia naye mpaka barabarani, akasimamisha gari la mtu asiyemjua. Alipona, alhamdulillahi. Mamake alikuja kunishukuru kwa kumwahisha mtoto hospitali, akaniletea kuku. Nikampokea yule kuku.

Sikudunga tena mtu nyumbani. Wewe uliniuliza mbona watu hawaji tena jioni, nikakwambia nimechoka.

Basi usiniambie huyo dada ana mkono mwepesi na amewafanyia rafiki zako watano wakatoka wazuri. Mimi niliwadunga watu wengi kabla ya yule mtoto, na wote walitoka wazima.

Fanya hivi. Baraza la Madaktari, lile KMPDC, lina orodha kwenye tovuti yao. Unaandika jina, unaona kama ni daktari na kama leseni ya mwaka huu ipo. Hata mahali penyewe pa matibabu hupewa leseni, sidhani wanatoa kwa sebule. Nitumie majina yote ya huyo dada na nambari yake ya usajili, nitatafuta mwenyewe, Swaleh atanisaidia na hiyo simu. Ukikuta ni daktari wa ngozi au wa upasuaji wa urekebishaji, yuko kliniki, dawa ya kuyeyusha ipo, nitakusindikiza. Nitakaa nje na tasbihi yangu na sitasema neno. Wataalamu hao nimefanya nao kazi, nimewaona wakimrudishia mtoto aliyeungua kwa mafuta ya taa kope zake, na wakiunga midomo iliyozaliwa imepasuka. Elimu hiyo siidharau hata kidogo. Lakini wao hawashiki kisu bila kujua watafanya nini damu ikigoma.

Pesa uliyolipa kwanza, kama hairudishwi, iache. Nitakupa mimi. Nina za chama mwezi ujao.

Nyumbani tuko salama. Maji yanakuja Jumanne na Ijumaa tu, na juzi Ijumaa hayakuja, kwa hiyo mitungi ile ya buluu nimeijaza yote na hakuna pa kupita koridoni. Bibi yako sukari imepanda tena, amekataa ugali wa wimbi, anataka chapati, mpigie wewe umwambie maana mimi hanisikii. Mpangaji wa chumba cha tano hajalipa miezi miwili lakini ana mtoto mchanga, nimeshindwa kumwambia kitu. Paa la jikoni linavuja pale juu ya meko, fundi atakuja Ijumaa saa tatu. Sanduku lako la vitabu nimelihamishia chumbani kwangu lisilowe. Ukija, beba ile sufuria kubwa uliyoichukua Idi, ninaihitaji kwa hitima ya mjomba.

Ile habari ya Oktoba 2024, ya mwanamke aliyefariki hapa Nairobi baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta, siku ile ilipotangazwa uliinuka ukazima redio. Nilidhani umehuzunika. Sasa najiuliza kama ulikuwa umeshaanza kupanga.

Nitumie jina, Rukia. Majina yote matatu, si lile la kwenye video. Hata usiku wa manane nitumie, simu nalala nayo chini ya mto na sauti nimeiwasha.

Mimi mamako.