Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: nimesajiliwa mkunga, nimezuiwa mlango wa leba

Ndugu Mganga Mkuu, habari za kazi. Nimetoka zamu ya usiku na sijalala, kwa hiyo uniwie radhi nikiandika kwa ukali kidogo.

Nilianzia zahanati ya kisiwa kimoja wilayani Ukerewe. Tulikuwa watumishi wawili, na mwenzangu akivuka kwenda Nansio kufuata dawa nabaki peke yangu. Mama akiletwa na mtumbwi saa nane usiku, uchungu umekolea, hakuna aliyeuliza kwa nini mkunga ana ndevu. Mtoto akishatoka, dakika haiishi nimemchoma mama pajani oksitosini yuniti 10, sindano ya kuzuia damu kumwagika, maana damu ikikataa kukata, hospitali iko ng'ambo, na ziwa likichafuka hakuna wa kuvuka. Mtoto mmoja wa kule anaitwa jina langu. Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Tukikutana soko la samaki la Mwaloni Kirumba hakubali niondoke mikono mitupu.

Kisha nikahamishiwa mjini. Siku ya kwanza kituoni nikaambiwa wanaume hawaingii leba. Waraka sikuonyeshwa. Nikapangwa wodi ya majeruhi, na tangu hapo nikisikia naitwa mbiombio najua kuna mlevi wa kushikilia au mgonjwa mzito wa kugeuza. Ajabu, daktari wa kiume akiitwa kufanya upasuaji anapita mlango uleule na hakuna anayeguna. Wagonjwa nao huniita daktari, huku dada mwenye shahada ya uuguzi aliye kando yangu wakimwita sista na kumtuma maji. Yeye ameshazoea, mimi bado.

Wapo kina mama wasiotaka kuzalishwa na mwanaume. Ni haki yao, na mama akisema hapana natoka. Ila aulizwe yeye.

Ombi langu: waandikie waganga wafawidhi, wakuu wa vituo, kwamba zamu za leba zipangwe kwa ujuzi, mama aulizwe anayemtaka, na muuguzi wa kike awe karibu akihitajika. Na chumba cha kubadilishia nguo, tafadhali. Kilichopo kimeandikwa "Masista". Mimi navalia sare stoo, katikati ya mitungi ya oksijeni.

Zamu yangu ijayo ni Jumatano usiku, wodi ileile. Leba ni mlango wa pili kutoka kwetu.

Muuguzi na mkunga,
Nyamagana