Dagaa wangu hawakunyeshewa, taa ndiyo iliyowaharibia sura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wafanyabiashara wadogo wenzangu wa Mwanza jambo lililonipotezea mteja. Nauza dagaa wakavu ninaowanunua Mwaloni, Kirumba, na kuwafunga nyumbani katika pakiti za nusu kilo. Mnunuzi mmoja wa Dodoma aliomba picha, nami nikaipiga usiku chini ya balbu ya njano ya sebuleni. Alijibu neno moja tu: "Wamenyeshewa." Hawakuwa wameguswa hata na tone, lakini kila anayewajua dagaa wa ziwa letu anafahamu kwamba wakikutwa na mvua wakiwa bado wameanikwa hupoteza ile rangi ya fedha na kuwa kahawia, na ndivyo hasa picha yangu ilivyowaonyesha.

Nilidhani ubaya ni wa simu, nikawa tayari kukopa ninunue nyingine. Ubaya ulikuwa wa mwanga. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini: balbu ya njano huwa karibu 2,700, na jua la mchana karibu 5,500. Simu hujaribu kusawazisha, ila ikipata dirisha upande mmoja na balbu upande mwingine haiwezi kuridhisha pande zote mbili. Kwa hiyo sasa nazima taa zote kabla ya kupiga picha.

Studio yangu ni meza ndogo iliyosogezwa dirishani. Karatasi moja ya manila nyeupe nimeibandika ukutani, ikashuka kwa kujipinda taratibu hadi mezani, ili pasionekane mstari mahali ukuta unapokutana na meza. Manila ya pili naisimamisha upande wenye kivuli irudishe mwanga. Jua likiingia moja kwa moja, natundika shuka jeupe jepesi dirishani, na simu naiegemeza kwenye kopo zito, nikiweka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Nje saa sita mchana sipigi kabisa, kwa sababu jua la kwetu huwa utosini na vivuli vyake ni vyeusi mno.

Kinachosumbua zaidi ni pakiti ya plastiki, ambayo hung'aa na kuficha kilichomo. Naiinamisha kidogo kidogo huku nikitazama kwenye skrini hadi ule weupe uondoke, kisha namwaga konzi moja ya dagaa kwenye ungo mbele yake, mnunuzi aone jicho la kila mmoja na tumbo lisilopasuka. Manila nyeupe nayo huidanganya simu, picha ikatoka ya kijivu. Hapo nagusa skrini na kuongeza mwangaza kidogo, lakini siwafanyi dagaa kuwa weupe kuliko walivyo, kwani mzigo ukifika atauona kwa macho yake.

Inanisikitisha kuona wenzangu wakichukua picha za mizigo ya watu wengine mtandaoni ilhali mzigo wao ni mzuri. Nawaomba wanaoendesha mafunzo ya ujasiriamali Nyamagana na Ilemela watenge walau saa moja ya somo hili, kwa vitendo, meza ikiwa dirishani.

Yule mnunuzi nilimtumia picha mpya iliyopigwa saa tatu asubuhi. Alikuwa amekwisha kununua kwingine, lakini safari hii aliuliza bei.

Muuza dagaa,
Kirumba, Mwanza