Sufuria Yako ni Nzima, Kuku Ndiye Alikuwa Barafu

Lalamiko tunaloletewa sisi mafundi ni lilelile: "Sufuria yangu ya umeme ya kupikia polepole haipati moto. Nimeweka kuku asubuhi, jioni mfupani bado damu." Mteja mmoja alisema tumemwibia, maana alilipia uchunguzi na sufuria ikarudi bila kubadilishwa hata skrubu.

Uchunguzi wenyewe ni huu. Tunatia maji nusu ya chungu, tunafunika, tunaweka moto wa chini (mdogo) kwa muda wa saa 8 bila kufunua, kisha tunapima maji mara tu kifuniko kinapotoka. Yakifika 85°C au kupita kidogo, sufuria ni nzima. Yakiwa chini ya hapo, hita au kidhibiti joto kimechoka. Hiyo ni siku nzima ya kazi, hata kama hakuna kipuri kilichobadilishwa. Ya mteja yule ilisoma 87. Kuku wake alitoka friza moja kwa moja hadi sufuriani.

Sufuria hizi hupanda joto taratibu, ndiyo kazi yake. Kuku mwenye barafu atashinda saa nyingi kati ya 4 na 60°C, na hapo ndipo bakteria huzaliana. Sumu za baadhi yao haziondoki hata ukichemsha baadaye. Halafu kuna chungu cha kauri: kikishapata moto ukakitia barafu, kinapasuka. Kupata kingine cha kipimo hichohicho ni shida, na wengi huishia kununua sufuria nzima. Yote hayo kwa kukwepa kuyeyusha vipande vya kuku kwenye friji tangu jana yake.

Kwa sufuria ya lita 4, chukua kilo 1.2 ya mapaja yenye mfupa, ngozi imetolewa (humu ngozi haikauki, inakuwa mpira tu). Tandika chini viazi 3 na karoti 3 zilizokatwa, kwa sababu mizizi huchelewa kuiva kuliko nyama. Kitunguu kimoja, punje 4 za kitunguu saumu, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, kisha kuku juu. Maji robo lita, basi! Mvuke hautoki, na kuku hutoa maji yake. Anayemimina lita nzima asituletee lawama za mchuzi mwepesi. Chungu kijae kati ya nusu na theluthi mbili.

Moto wa chini, saa 6 hadi 7. Wa juu, saa 3 hadi 4. Kidari hukauka upesi, kiangalie mapema. Kila ukifunua kuchungulia, ongeza dakika 20 hadi 30. Maziwa au krimu ni za nusu saa ya mwisho. Mchuzi ukiwa mwepesi, koroga kijiko kikubwa cha konflawa kwa vijiko viwili vya maji baridi, mimina, weka moto wa juu dakika 20. Ile swichi ya kutunza chakula kikiwa moto haipiki.

Wekundu mfupani usikutishe peke yake, kwani kuku mchanga hutoa rangi hata akiwa ameiva. Choma kipimajoto kwenye paja nene bila kugusa mfupa: kikisoma 74°C au zaidi, pakua. Kikisoma chini ya hapo baada ya saa 7, na kuku hakuwa na barafu, tuletee sufuria pamoja na kifuniko chake. Bila kifuniko hatuwezi kuipima.