Springi Umenunua Mwenyewe, Mbona Bili Ina Mambo Mengine?

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja alisimamisha gari mlangoni, hata injini hakuzima. "Fundi, toka nje uone mlichonifanyia." Nikatoka. Akakata usukani mpaka mwisho, akaniambia nipitishe mkono kwenye tairi la mbele kwa ndani. Nikapitisha, waya ukanichoma kidole. Kwa nje tairi lile lilikuwa na kashata zake zote, ungeapa limetoka dukani juzi. Kwa ndani lilikuwa kipara na nyuzi za chuma zinachungulia.

Miezi miwili kabla ya hapo tulimfungia springi fupi za kushusha gari, seti nzima, mbele na nyuma. Kwa hiyo alikuwa na mashtaka mawili: tumemla hela, na tumemharibia gari. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikaenda kuchomoa kadi yake ya kazi kwenye faili. Pale chini nimeandika kwa mkono wangu: alaimenti (kupima na kunyoosha uelekeo wa magurudumu), mteja atafanya mwenyewe baadaye. Shokapu za mbele zimechoka, mteja amesema zibaki. Halafu sahihi yake.

Siandiki haya kumwaibisha, na mwenyewe ameshacheka. Naandika kwa sababu lawama yake tunaipata karibu kila wiki, na daima inaanza hivi: springi nimenunua mwenyewe, nyinyi kazi yenu kufunga tu, mbona bili imekuwa ndefu?

Kufunga tu. Haya.

Gari likishuka milimita 30, nafasi ya tairi kupanda kabla ya kugonga mwisho inapungua kwa milimita hizo hizo 30. Tuseme ulikuwa na 80, umebaki na 50. Springi ikiwa laini kama ile ya kiwandani ndani ya nafasi hiyo ndogo, kila shimo litakufikisha mwisho, ndiyo maana springi fupi ya kweli hutengenezwa ngumu zaidi. Sasa springi ngumu ikibanwa hurudi kwa nguvu zaidi, na wa kuishika isilirushe gari ni shokapu. Kubeba ni kazi ya springi, kutuliza ni kazi ya shokapu. Chukua shokapu iliyokwisha kuzeeka kwenye springi laini, mafuta yanalowesha mwili wake mpaka vumbi limegandia, uipe springi ngumu. Gari litadunda, na dereva atasema springi ni mbovu. Springi ni nzima kabisa.

Hapo ndipo tunaposema: kama shokapu zimechoka, badilisha sasa. Kazi ya kufungua stratu, ile nguzo iliyobeba shokapu na springi pamoja, kubana springi na kurudisha kila kitu ni ile ile. Ukizibadilisha mwezi ujao utalipia kazi hiyo mara ya pili, tukifungua bolti zile zile tulizozikaza. Mteja akisikia hivyo anaona tunamtafutia matumizi. Mimi ningefurahi kulipwa mara mbili kwa kazi moja, lakini sipendi kuonekana mjinga mbele ya gari nililolifunga mwenyewe.

Halafu kuna wa kukata.

Kijana mmoja alikuja na gari limekaa chini vizuri tu kwa kulitazama. Shida yake ilikuwa kelele nyuma, "kama kuna chupa inabingirika." Tukaliinua kwa jeki. Magurudumu ya nyuma yalipoanza kuning'inia, springi ya kushoto ikachomoka kwenye kikalio chake, ikadondoka sakafuni, ikabiringika mpaka chini ya benchi. Tukabaki tunatazamana. Mtu alikuwa amezikata kwa grainda, mzunguko mmoja na nusu kila upande, na hazikuwa tena na urefu wa kufika juu tairi likishuka. Kila alipopita tuta kwa kasi, springi ilikuwa inaelea kisha inatua popote. Kelele ya chupa ndiyo hiyo. Ile ncha iliyokatwa ilikuwa imeshachimba chuma cha kikalio na kuikwangua paipu ya mpira ya breki mpaka nyuzi zake za ndani zinaonekana.

Kukata kunaongeza ugumu pia, kwa hiyo watu hudhani wamepata springi ya bure. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiondoa mmoja, ugumu unapanda asilimia 20. Sawa. Lakini ncha ya kiwandani imetengenezwa ikae kwenye umbo la kikalio, na urefu wake umepimwa ili springi ibaki imebanwa hata gurudumu likining'inia. Grainda haijui hayo. Wengine hawakati, wanaichoma kwa gesi mpaka iwe nyekundu na gari liketi lenyewe. Hiyo ni mbaya zaidi. Chuma cha springi kimepewa ukakamavu wake kwa joto la kipimo, ukikichoma ovyo umeuvua, na gari litaendelea kushuka bila kukuuliza, pengine upande mmoja tu. Yule kijana alinunua springi mpya, raba za vikalio na paipu ya breki. Angeanza na springi asingelipia vile viwili vya mwisho.

Turudi kwenye muda, maana muda ndio unaokaa kwenye bili. Kabla ya kugusa spana tunapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote nne, na tunaandika. Tunapima kutoka katikati ya gurudumu, si kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi hubadilisha kipimo cha chini. Magari mengi yanafika yakiwa yameshalala upande mmoja na mwenyewe hajui. Asipoonyeshwa namba mapema, atasema tumelipindisha sisi.

Kisha tunasoma namba za springi. Mara mbili sasa nimeona springi za mtindo ule ule wa gari lakini wa injini nyepesi ya petroli zikiletwa kwa gari la dizeli. Dizeli ni nzito, pua ikaenda chini mpaka tairi linakwaruza plastiki ya ndani. Aliyeziuza hakudanganya jina la gari, aliuza nusu ya ukweli.

Nati ya juu ya stratu hailegezwi hata robo mzunguko mpaka springi ishikwe na vibanio viwili vinavyotazamana. Springi iliyobanwa ikiachiliwa usoni inavunja taya. Na nati hiyo hatuipigi kwa mashine ya upepo huku fimbo ya shokapu inazunguka, kwa sababu unasaga sili na shokapu mpya inaanza kuvuja ikiwa bado na stika. Tunashika fimbo kwa ufunguo, tunakaza kwa mkono. Inachukua dakika kadhaa za ziada, na hizo dakika unazilipia, ndiyo.

Beringi ya juu ya stratu tunaizungusha kwa vidole. Ikikwama au ikitoa mchanga, tunakuita uione. Ukiiacha, springi ngumu itakuwa inajisokota kila unapokata kona na kuachia kwa mlio wa "dang!" na utarudi ukisema springi zinalia.

Kuna kosa moja nalieleza kwa sababu nimelifanya mwenyewe, miaka ya mwanzo. Nilikaza bolti za bushi zote, zile raba za viungio vya mikono ya magurudumu, gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Kazi ikaonekana safi. Bushi nyingi za raba zimeshikana na chuma ndani na nje, hazizungukii bolti, hujisokota. Ukizikaza zikiwa zimening'inia, gari likishuka chini zinabaki zimesokotwa muda wote. Gari lile lilikaa juu kuliko lilivyotakiwa, mteja akalalamika springi hazijashusha kitu, na baada ya miezi bushi zikachanika. Nilizinunua kwa mfuko wangu. Tangu siku hiyo hakuna bolti ya bushi inayokazwa kwa toki, spana ya kupimia nguvu, hapa kwetu kabla gari halijakaa kwa uzito wake.

Sasa alaimenti, iliyomla yule wa tairi. Gari likishuka, mikono ya chini inayoshika gurudumu hubadilisha mwinuko, gurudumu linalala kidogo kwa ndani juu. Mlalo huo peke yake hauli tairi haraka hivyo. Anayekula ni uelekeo. Tairodi, fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu, nazo zimebadilisha pembe, kwa hiyo magurudumu mawili hayatazami tena mbele sawasawa, na kila kilomita unayoenda unayaburuta kiubavu. Hakuna fundi anayeweza kuliona hilo kwa macho, hata akichuchumaa mbele ya gari na jicho moja limefungwa. Tunafanya alaimenti ya kwanza siku ile ile, na tunakuomba urudi baada ya wiki mbili hivi springi zikishaketi, tupime tena. Kipimo hicho cha pili hatukitozi. Ajabu ni kwamba wengi hawarudi.

Kuna vitu vidogo ambavyo mtu akivikuta kwenye kadi anahisi tunajaza karatasi. Taa ni kimoja, kwa sababu pua ikishuka kuliko nyuma, mwanga unakatikia karibu na usiku unaendesha gizani. Raba za kuzuia mwisho wa springi ni kingine: mtengenezaji akisema zipunguzwe tunazipunguza kwa kipimo chake, hatuzitoi. Anayezitoa "ili gari lishuke zaidi" anaigeuza shokapu kuwa nyundo.

Cha breki kinastahili maneno zaidi. Baadhi ya magari, hasa ya kubebea mizigo, yana vali nyuma yenye kijiti kilichoungwa na ekseli. Nyuma ikishuka kijiti kinadhani umepakia mzigo, kinaruhusu breki nyingi zaidi nyuma. Ukilishusha gari bila kurekebisha kijiti, vali inaamini umepakia kila siku. Tuliletewa gari ambalo nyuma ilikuwa inateleza kila likifungwa breki kwenye mvua, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha matairi na pedi. Tuliinama chini tukaona kijiti. Marekebisho yalichukua chini ya nusu saa.

Baada ya yote hayo gari linaendeshekaje? Nikuambie kabla hujalipa. Usukani unajibu mapema, ukikata kona gari halilali sana, ukifunga breki pua haizami kama zamani. Hiyo ndiyo raha yake, na ikifungwa na shokapu inayolingana ni raha ya kweli. Lakini utazijua barabara zako upya. Viungio vya daraja na vifuniko vya mitaro utavihesabu kwa kiuno. Abiria wa nyuma watalalamika kabla yako. Matuta makali utayapita kimshazari, na ukijaza watu watano na mizigo, sikiliza nyuma. Kama tayari una rimu kubwa na tairi jembamba la ubavu, fikiri mara mbili, maana ule ubavu wa mpira nao ulikuwa springi.

Na anayetaka kushusha mpaka kidole kisipite kati ya tairi na madigadi, huwa namkatalia. Magari mengi ya stratu yakishushwa kupita kiasi, mikono ya chini inainamia upande usiofaa, na gari linapata hamu ya kulala kwenye kona kuliko mwanzo, eti limeshushwa. Milimita 25 mpaka 40, kwa springi iliyotengenezwa kwa gari lako, inatosha kwa macho na kwa barabara. Kuna gereji zitakufanyia zaidi kwa hela ndogo. Nenda tu, ila usiniletee nikakaze mwisho.

Yule wa tairi tulimfungia shokapu mpya za mbele, tukafanya alaimenti, matairi mawili akanunua kwa duka alilopenda. Kazi ya kufungua stratu tulimtoza, ila tulimpunguzia kidogo, na hiyo nimeiandika kwenye kadi pia. Shokapu ya zamani nilimpa mkononi, nikamwambia aivute na kuisukuma. Robo ya kwanza fimbo ilikwenda bila ukinzani wowote, kama pampu ya baiskeli isiyo na vali. Aliirudia mara tatu, hakusema kitu. Springi zake za kiwandani bado ziko kwetu kwenye gunia, zimeandikwa mbele, nyuma, kushoto na kulia, maana siku akitaka kuliuza gari mnunuzi wa kwanza atauliza ziko wapi.