Mwalimu wa kuacha wanga nimegeuzwa kichekesho

Shangazi, shikamoo. Ni saa tisa za usiku, adhana bado, na sijafumba jicho tangu turudi kwenye hina. Unajua hina za huku zilivyo, neno likitoka halirudi.

Neno lenyewe ni hili: "Mwalimu ametupunguza sisi, mwenyewe amebaki pale pale." Alilisema mwenzangu mmoja wa kikundi chetu cha kuacha wanga, mbele ya wanawake kumi na ushee, mkononi kashika mshikaki niliouroweka viungo mimi. Wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini?

Hebu niulize, habari ya kuacha wanga nani aliileta? Tulikuwa wanne, kila mtu na daftari lake. Niliwaambia tusiwaige wale wa wanga gramu 20 kwa siku, tuanze na 50, tutadumu nayo. Nikawapigia hesabu kwa vyakula vyetu wenyewe. Unga nusu kilo ukitoa mahamri 20, kila moja limebeba unga gramu 25, yaani wanga gramu 19 kabla hujatia sukari. Mahamri mawili na bakuli la mbaazi, siku yako imekwisha na jua halijapanda. Wali uliopikwa, kikombe kimoja ni gramu 45, na nani kwetu hula kikombe kimoja? Chai ndiyo waliyoibishia zaidi. Maziwa nusu kikombe gramu 6, sukari vijiko viwili vya chai gramu 8, jumla 14. Vikombe vitatu ni 42. Huyu huyu ndiye aliyesema chai si chakula.

Nikawapikia. Samaki wa kupaka hana neno, pweza hana neno, mayai, mchicha wa nazi, bilinganya. Kababu za kununua nikawakataza kwa sababu wengi huzichanganya na mkate, na viazi karai ni wanga uliovishwa wanga. Korosho pia nikawapimia, maana mtu huzitafuna akidhani ni kama karanga, kumbe konzi moja tu, gramu 30, lina wanga gramu 9.

Chapati walizilia machozi, nikawatengenezea za chicha. Chicha usiitupe ukishakamua tui. Ianike ikauke kabisa, isage, ichunge. Robo kikombe kwa mayai mawili, chumvi, na maji kidogo kidogo. Iache dakika 10 inywe maji, usiwe na haraka, kwa sababu mwanzoni utaiona imelegea, utaongeza chicha, na chapati itakuwa mchanga mdomoni. Haina mnato wa ngano, kwa hiyo haisukumwi. Imimine ndogo, upana wa kisahani, moto mdogo, na usiiguse mpaka kingo zikauke. Wao waliigeuza mapema ikapasuka katikati, kisha wakanipigia simu. Koliflawa ya kukaa mahali pa wali nayo, usiichemshe, itakuwa uji. Ikune kwa tundu kubwa, ikaange kavu dakika 5. Siku ikikosekana sokoni Marikiti, kabeji iliyokatwa nyembamba itabeba mchuzi vizuri tu.

Halafu mimi ndiye niliyebaki pale pale!

Mzani ni wangu, niliununua kwa pesa zangu. Nikawafundisha kupima Ijumaa asubuhi, umetoka chooni, hujala, nguo zile zile, na mzani ukae juu ya sakafu tupu, si juu ya zulia, la sivyo utakudanganya. Nikawaambia wasiruke kwa furaha wiki ya kwanza. Mwili una akiba ya wanga kama gramu 400 au 500 kwenye ini na misuli, na kila gramu hushika maji gramu 3 hivi. Ukiacha wanga, akiba inatoka na maji yake. Yeye alishuka kilo 4 kwa siku kumi. Nilipomwambia sehemu kubwa ni maji, na kwamba sahani moja ya biriani itaanza kuyarudisha, alininunia wiki nzima. Nadhani lile neno la hina lilianzia hapo.

Mimi nimeshuka kilo 3, kisha mzani ukaganda tangu wiki ya tano. Sababu naijua, usihangaike kunieleza: ni tui. Kikombe cha tui zito kina kalori zaidi ya 400, na kila sufuria naionja mimi. Lakini kula kwa siri sili, kama anavyotaka watu wafikiri. Ule ukoko wa wali wa watoto ni mambo ya jikoni, kila mama anayajua.

Kitu kingine nilichowafundisha ni chumvi, na hapa ndipo usingizi unaponikatikia. Siku za mwanzo kichwa huuma, misuli ya miguu hukaza, mtu akisimama huona giza. Insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, ikipungua, figo humwaga chumvi, na joto la Mombasa hii humwaga nyingine kwa jasho. Asiye na presha anywe supu ya mifupa, au maji yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, atatulia. Nimewaimbia mpaka wameshika: kizunguzungu, chumvi.

Sasa Shangazi, hili sikutaka kuliandika. Mwenye ulimi huyo anameza vidonge vya sukari. Wenzetu wawili hawajui, mumewe hajui, anaogopa mama mkwe atalifanya neno. Ingekuwa metfomini peke yake nisingekesha, hiyo ikiwa peke yake ni nadra kuangusha sukari. Anameza na glibenklamidi. Ile hulisukuma kongosho litoe insulini, umekula au hukula. Wali kaacha, chapati kaacha, kidonge ni kile kile cha siku za biriani, na Jumatatu na Alhamisi anafunga juu yake.

Nimemwona mara mbili. Jasho la baridi, vidole vinatetemeka, maneno hayashikani. Mara ya pili nilimpima sukari kwa kipimo chake mwenyewe kikasoma 3.1, na chini ya 4 tayari si pa kungoja. Nikamkorogea vijiko vinne vya sukari kwenye maji, akanywa, nikampima tena baada ya dakika 15, ikapanda. Alipopata nguvu jambo la kwanza alilofanya ni kuniapisha nisimwambie mtu. Nimemsihi aende kliniki aeleze anavyokula, wamtazamie dozi, asiikate mwenyewe. Kasema harusi ipite kwanza.

Zile mara mbili nilikuwepo. Siku nisipokuwepo, wale wengine watamkalisha kwenye kiti na kumpa supu ya chumvi, kwa sababu ndivyo nilivyowafundisha.

Nikifungua mdomo sasa, nitaitwa hasidi. Kasemwa kwenye hina, kesho yake anatoboa siri ya mtu. Afadhali angeniapisha halafu asinitukane, au angenitukana na mimi sijui lolote. Amebaki pale pale! Mimi niliyemshika kichwa chake kwenye paja langu nikimnywesha maji ya sukari.

Simtaki tena, hilo nakwambia wazi. Nataka kutoka kwenye kikundi. Lakini nikitoka, nani atamwangalia? Nimefikiria kuwaambia wote kwamba kizunguzungu si chumvi tu, kwamba sukari iwekwe karibu, bila kumtaja mtu. Watauliza kwa nini mwalimu amebadilisha somo, naye atanitazama. Nimefikiria mumewe, nikaogopa. Kiapo ni kiapo, ingawa wengine huwa hawana haya ya vitu kama hivyo.

Nifanye lipi, Shangazi? Na nijibu upesi, Ijumaa tunapima kwake na mpishi ni mimi. Na ule mzani, nikiamua kuondoka, si vibaya nikiuchukua?

Msomaji wako,
Mji wa Kale, Mombasa